Kusikiliza Mji wa Kale

Baada ya alasiri, keti kwenye baraza yoyote Mji wa Kale, Mombasa, piga hodi kwanza kwa mwenyewe. Zima simu, fumba macho. Anza na sauti ya mbali kabisa, labda honi za tuktuk kule Makadara, kisha rudi karibu polepole.

Muuza kahawa akipita, usimwite bado. Fuata vikombe anavyovigonganisha: mlio mkali, mfupi, kuta za kichochoro zinaurudisha. Akikata kona, ule ukali hupotea kwanza, unabaki mgongano mzito usio na ncha. Hapo ndipo mimi hupapenda.

Kunguru watakupigia kelele. Nao wamo, waache.

Ukirekodi, ivike simu soksi kuzuia upepo, uiweke chini. Mkononi hukwaruza.