Somo: Kumchungua kimulimuli na taa yake isiyounguza

Kimulimuli si nzi, ni mbawakawa. Leo tumtazame kwa karibu.

Kwanza, ngojeni Isha ipite, zimeni taa za uani, mkae ukingoni mwa bonde la mpunga. Mie huku Konde, Pemba, ni nyuma ya nyumba tu. Wa mjini poleni, taa za barabarani zinamvuruga.

Pili, mkamate kwa kiganja, mtie kwenye chupa yenye kitambaa kibichi. Kifuniko usikikaze.

Tatu, mgeuze chali. Pingili za mwisho za tumbo zimepauka kama nta: hiyo ndiyo taa. Iguse. Hakuna joto! Koroboi ya bibi tuliyosomea juzuu ilituunguza vidole na kututia masizi puani.

Nne, na hapa ndipo penye utamu. Ndani ya taa mna lusiferini, kemikali inayotoa mwanga, na kimeng'enya (kichochezi cha kemikali) kiitwacho lusiferasi. Kimeng'enya huipachika lusiferini kwenye ATP, kemikali inayobeba nishati ile ile unayoitumia ukipanda mkarafuu, magnesiamu ikisaidia. Oksijeni ikiingia, kaboni dioksaidi hutoka, na kinachobaki, oksilusiferini, kinakuwa kimejaa nishati kupita kiasi. Kikitulia, ziada hutoka kama mwanga wa kijani-njano. Nyuma ya taa kuna tabaka la fuwele za asidi ya uriki, linaurudisha mwanga nje kama kioo cha ndani ya tochi.

Tano, mwachie aende zake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, anamulika ili aone njia?

Anatafuta mke, ndugu yangu. Dume humulika akiruka, jike hujibu kutoka majanini, kila aina na mpigo wake. Marekani kuna jike wa kundi la Photuris anayeiga mpigo wa jike wa kundi jingine, Photinus. Bwana harusi akitua, analiwa.

Na vile vidudu vya chini visivyo na mbawa, mbona navyo vinang'aa?

Ndio watoto wake, hula konokono. Hawaposi bado, wanamwonya adui kwamba nyama yao chungu.

Mwanangu kamponda mmoja ukutani, alama ikaendelea kung'aa. Nikaingiwa na hofu.

Usiogope, bibie. Kemikali hazingoji roho, zinawaka mpaka ATP iishe. Mwaka 1947 William McElroy, huko Marekani, alichukua maji ya taa za vimulimuli yaliyokwisha kuzimika, akayatia ATP, yakawaka tena. Siku hizi hata meza za majiko makubwa hukaguliwa hivyo: zinapanguswa kwa kijiti, kinakutanishwa na lusiferini na lusiferasi, na kifaa kinapima mwanga. Ukizidi, meza haikusafishwa, maana mabaki ya chakula na vijidudu vina ATP.