Kuvua samoni na stilihedi wa mwanzo wa msimu ukingoni mwa Mto Cowlitz

Jamaa zetu waliohamia Kent, Tukwila na Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, wanaoniuliza habari za uvuvi wa mtoni, wengi wamekulia ziwani: Tanganyika, Kivu, Victoria. Ziwani unashusha chambo na kumngoja samaki mwenye njaa. Chinuki (aina ya samoni) wa Aprili na Mei, na stilihedi (jamaa wa samoni) wa kiangazi wanaomfuata, wametoka baharini na wanapanda mto kwenda kutaga. Chakula hawakitafuti tena. Samaki huyu anauma kwa sababu kitu kimempita mbele ya pua. Kazi yako ni kukifikisha pale alipo, chini kabisa karibu na mawe, na hilo linawezekana bila mashua.

Hatua ya 1: Leseni

Kuanzia miaka 15 unahitaji leseni ya maji baridi ya jimbo la Washington, na kwa umri wowote kadi ya kuandikia samaki unaowachukua. Leseni ya mwaka huisha Machi 31, yaani msimu huu ukianza, ya mwaka jana imeshakufa. Sheria za mto hubadilika hata katikati ya wiki, kwa hiyo soma matangazo ya dharura ya idara ya samaki ya jimbo asubuhi ileile unayoondoka.

Hatua ya 2: Maji na mahali

Maji ya Cowlitz hufunguliwa kutoka mabwawa ya Mossyrock na Mayfield, na vipimo vyake viko mtandaoni. Maji yanayopungua na kuanza kuwa ya kijani ndiyo mazuri. Ukifika, weka alama kwenye jiwe la ukingoni. Likifunikwa, toka majini kwanza, uvuvi baadaye.

Chini kidogo ya bwawa la Barrier Dam na pale kijito cha Blue Creek kinapoingia, watu husimama bega kwa bega. Mimi napenda kushuka mbali zaidi, nitafute maji yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kina cha mita moja hadi mbili. Mto ukijaa, samaki hukwepa mkondo mkali na kupita karibu na ukingo, kwa hiyo usiingie majini kabla hujavua pale ambapo ungesimama.

Hatua ya 3: Vifaa

Fimbo ya futi 8 na nusu hadi 9 na nusu, uzi wa mwisho (kipande kinachofungwa ndoana) wa pauni 12, ndoana iliyobanwa kijino kwa koleo, na chambo cha mayai ya samoni.

Hatua ya 4: Chubwi

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Jirani yako ana fimbo kama yako na mayai kama yako, anavuta samaki, wewe huvuti. Tofauti ni uzito wa chubwi, kile kizito kinachozamisha chambo.

Tupa ng'ambo, juu kidogo ya mkondo. Inua ncha ya fimbo na uifuatishe uzi unavyoteremka. Chubwi liguse jiwe, liinuke, liguse tena: tok… tok… takriban kila sekunde moja au mbili. Usiposikia kitu, ni jepesi, na chambo kinapita juu ya migongo ya samaki. Likikwama kila unapotupa, ni zito. Ongeza au punguza kidogo kidogo.

Uzito uliofaa hapa haufai hatua ishirini mbele. Kina kikibadilika, badilisha. Maji yakipanda baada ya saa sita, badilisha tena. Uzi mnene husukumwa zaidi na maji, nao hudai chubwi zito zaidi. Na kabla ya kulaumu uzito, angalia pembe: ukitupa chini ya mkondo, uzi hukazwa na maji na chubwi huinuka hata liwe zito namna gani.

Chubwi la risasi tupu silipendi. Chukua kipande cha kamba ya parachuti, kitoe utumbo (nyuzi za ndani), kijaze vidonge vya risasi, kisha uziyeyushe ncha kwa kiberiti. Hilo hupenya kati ya mawe kwa ulaini wa nyoka, na hukwama mara chache mno. Likikwama bado, usivute kwa fimbo. Zungushia uzi kwenye kijiti, urudi nyuma ukiwa umenyooka.

Boya lina watu wake, na kwenye shimo la maji yaliyotulia linafaa. Anayeanza ajifunze chubwi kwanza, maana ndilo linalomfundisha mkono kuisoma sakafu ya mto.

Hatua ya 5: Kuuma na kumtambua

Mara nyingi hasikiki akinyakua. Zile tok hukatika tu, au uzi unakuwa mzito kama mpira. Inua fimbo mara moja.

Akifika ukingoni, mwache majini na utazame mgongo karibu na mkia. Wa kituo cha kuangulia samaki amekatwa lile pezi dogo la mafuta na pana kovu lililopona. Mwenye pezi ni wa asili: mfungue bila kumtoa majini. Aliyenaswa ubavuni naye hurudi.

Hatua ya 6: Ukimchukua

Mpige kichwani, kata matamvua, mwache damu imtoke kwenye maji baridi, kisha barafu. Mwandike kwenye kadi papo hapo kwa wino. Kichwa na mapezi usivikate mpaka nyumbani.

Chinuki wa mapema ana mafuta mengi kwa sababu bado ana miezi kabla ya kutaga, na mafuta hayo ndiyo akiba yake ya safari. Nazi haihitajiki. Chumvi, ndimu, makaa.