Daftari la Msomaji: Kutengeneza Kurasa za Sanaa Mseto kutokana na Vitabu Unavyosoma

Daftari ninalolieleza hapa hushonwa kwa mkono, lina kurasa nene zinazostahimili gundi na rangi, na kila kitabu unachokimaliza hutengewa humo kurasa mbili zinazotazamana. Si daftari la muhtasari, wala si albamu ya mapambo. Ni mahali ambapo msomaji hukirudia kitabu kwa mkasi, brashi na vipande vya karatasi, akiuliza ni kitu gani hasa kilichomkaa moyoni na kwa nini. Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumwelekeza rafiki anayesoma sana, ambaye aliamini kwamba hana mkono wa sanaa. Maswali yake karibu yote hayakuhusu uchoraji, bali yalihusu kurasa zilizojikunja na kugoma kulala, na ndiyo maana hatua ya gundi imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine zote.

Vifaa

Utahitaji karatasi nene, karatasi ya kadi kwa ajili ya jalada, sindano, uzi wa kitani uliopakwa nta, rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi chenye makali ya kubadilishwa, gundi nyeupe ya maji aina ya PVA, wanga, brashi bapa mbili, rangi za maji au za akriliki, jeso (rangi nyeupe ya kutandika kabla ya rangi nyingine), karatasi ya nta, na vitabu vizito vya kukandamizia. Gundi ya kijiti siipendekezi kwa kazi ya kudumu, kwa sababu kingo za vipande hubanduka baada ya muda, hasa katika daftari linalofunguliwa mara kwa mara. Makali ya kisu yabadilishwe mapema kuliko unavyodhani yanapaswa kubadilishwa. Makali butu hayakati karatasi yenye unyevu, huirarua.

Hatua ya 1: Soma ukiwa na penseli, kisha chagua kitu kimoja

Weka alama unaposoma, au chomeka vipande vyembamba vya karatasi mahali panapokugusa. Ukimaliza, pitia alama zako na uchague kitu kimoja tu kitakachobeba kurasa zako mbili: sentensi, kifaa, rangi inayojirudia, au swali ambalo mwandishi ameliacha wazi. Anayetaka kuonyesha kila kitu kuhusu kitabu huishia na ukurasa uliojaa picha zisizosemezana.

Nashauri pia usitafute picha za wahusika. Ikiwa hadithi inahusu mwanamke anayesubiri barua isiyofika, picha ya mwanamke iliyokatwa kwenye gazeti itamfunga mhusika katika sura ya mtu mwingine, ilhali bahasha tupu, stempu isiyopigwa muhuri na nafasi kubwa nyeupe vitaeleza kusubiri kwake vizuri zaidi. Anza na vitu vilivyomo ndani ya kitabu chenyewe, kisha jiulize kila kimoja kinafanya kazi gani katika hadithi.

Hatua ya 2: Kata, kunja na ushone daftari

Tumia karatasi yenye uzito wa gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya ofisini, yenye gramu 80, haitahimili maji, na ile ya rangi za maji yenye gramu 300 ni nzuri kwa picha moja lakini hukunjika kwa shida.

Karatasi zinazotengenezwa kwa mashine huwa na mwelekeo wa nyuzi, yaani nyuzi zake nyingi zimelala upande mmoja. Mkunjo wa daftari unapaswa kwenda sambamba na nyuzi hizo. Ukizikata njia, mkunjo utakuwa na mikwaruzo na kurasa zitagoma kulala. Ili kuujua mwelekeo, ipinde karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa upande mmoja kisha kwa upande wa pili. Upande inakopindika kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Karatasi za A4 mara nyingi zina nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na hizo ukizikunja katikati kupata A5 utakuwa umekwenda kinyume. Njia ninayoipendelea ni kununua karatasi za A3 zenye nyuzi za urefu na kuzikata katikati: kila nusu inakuwa A4 yenye nyuzi zinazofuata upande mfupi wa milimita 210, na mkunjo wake unakaa sawasawa.

Kunja karatasi nne, zipachike moja ndani ya nyingine, na utapata kurasa 16. Kati ya karatasi moja na nyingine weka kipande chembamba cha karatasi hiyohiyo, chenye upana wa sentimita 4 kabla ya kukunjwa, ukishone pamoja na kurasa. Vipande hivi huupa mgongo unene wa ziada, ili daftari litakapojaa kolaji, yaani vipande vilivyobandikwa, lisibaki limeachama. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, jalada likiwa mahali pake. Pitisha sindano kutoka ndani kwenda nje kwenye tundu la kati, ingia kwa tundu la juu, ruka la kati kwa ndani, toka kwa tundu la chini, kisha urudi ndani kwa tundu la kati. Funga ncha mbili za uzi juu ya ule uzi mrefu uliopita katikati.

Hatua ya 3: Paka jeso

Tabaka moja jembamba linatosha. Jeso huzuia karatasi isinywe rangi yote na huupa uso ukwaru ambao rangi na penseli hushika. Mahali utakapoandika kwa kalamu ya wino paache bila jeso.

Hatua ya 4: Tayarisha vipande

Usikate kitabu ambacho bado kinasomeka. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu mafunzo mengi ya ufundi wa karatasi huanza kwa kumwagiza mtu achane riwaya nzee, na si lazima kufanya hivyo. Ukurasa unaoutaka utoe fotokopi. Nakala ya mashine ya fotokopi au ya printa ya leza hutumia wino wa unga ulioyeyushwa juu ya karatasi kwa joto, kwa hiyo haichuji inapopata maji. Nakala ya printa ya wino wa maji huchuja mara nyingi, na inaweza kuchafua kazi yote. Gazeti nalo lina tatizo lake: karatasi yake ina lignini nyingi, kemikali ya asili ya mti, na hugeuka manjano inapokaa kwenye mwanga. Ukilipenda gazeti, tumia fotokopi yake.

Vipande vya rangi ni bora uvitengeneze mwenyewe. Katika miaka ya 1940 wasaidizi wa mchoraji Mfaransa Henri Matisse walipaka karatasi nyeupe guashi, yaani rangi nzito ya maji isiyopenyeza mwanga, naye akazikata kwa mkasi, na hivyo rangi ilikuwa ile aliyoitaka yeye, si ile iliyopatikana. Nusu siku ya kupaka karatasi nyembamba rangi tatu au nne zinazokumbusha kitabu chako inakuokoa na upekuzi mrefu wa majarida.

Hatua ya 5: Bandika

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na kuelewa sababu kunasaidia kuliko kukariri sheria. Uzi wa karatasi unapolowa hunenepa zaidi kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi yenye unyevu hutanuka hasa kwa upande unaokata nyuzi. Ukikibandika kipande kilichotanuka juu ya ukurasa mkavu, kitakapokauka kitasinyaa, na kwa kuwa kimeshikana na ukurasa, kitauvuta uinamie upande wake. Kila ninachokieleza katika hatua hii kinakusudia kupunguza mvuto huo au kuusawazisha.

Anza na gundi yenyewe. PVA hukauka haraka, hushika kwa nguvu na haiyeyuki tena kwa urahisi. Itumie bila maji kwa kadi, kitambaa na vitu vizito. Kwa karatasi za kawaida changanya sehemu tatu za gundi na sehemu moja ya maji. Kwa karatasi nyembamba na kwa vipande vikubwa napendelea gundi ya wanga, kwa kuwa inakupa muda wa kukisogeza kipande hadi kikae mahali pake, na kikikosewa kinaweza kulowanishwa na kubanduliwa. Kijiko kimoja cha wanga wa ngano kwa vijiko vitano vya maji, pika kwa moto mdogo huku ukikoroga bila kuacha hadi mchanganyiko uwe mzito na kuanza kung'aa, uache upoe, kisha uchuje. Iliyobaki iweke kwenye jokofu na uimwage baada ya siku chache, kwani huvunda.

Kabla ya kupaka chochote, panga vipande vyote vikiwa vikavu na upige picha ya mpangilio huo. Kila kipande kikubwa kiweke nyuzi zake sambamba na nyuzi za ukurasa, yaani sambamba na mgongo. Kwa vipande vidogo vya sentimita mbili au tatu jambo hili halina athari ya kuonekana, na hakuna haja ya kuhangaika nalo.

Laza kipande kifudifudi juu ya karatasi taka, paka gundi kuanzia katikati kuelekea nje hadi upite kingo, kisha ondoa karatasi taka hiyo na usiitumie tena, kwa sababu gundi iliyobaki juu yake itachafua uso wa kipande kinachofuata. Sasa subiri. Kipande kikubwa kilichopakwa gundi ya wanga kiache dakika moja hivi kabla ya kukibandika, ili kimalize kutanuka kikiwa huru. Ukikibandika papo hapo kitaendelea kutanuka juu ya ukurasa, na hapo ndipo makunyanzi yanapotokea hata pale ulipofanya kila kitu kwa uangalifu. PVA haikupi muda huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiepuka kwa vipande vikubwa. Gusisha katikati ya kipande kwanza, funika kwa karatasi safi, na usugue kuelekea nje kwa mgongo wa kijiko. Povu la hewa likibaki, litoboe kwa ncha ya sindano na ukandamize.

Baadhi ya vitu havifuati utaratibu huu. Karatasi nyembamba kama shashi usiipake gundi yenyewe. Paka ukurasa, kisha uitandaze juu. Karatasi angavu ya kunakilia michoro hujikunja vibaya mno inapopata maji, kwa hiyo ishone kwa uzi au ishike kwa mstari mmoja mwembamba wa gundi kwenye ukingo. Karatasi ya jarida yenye kung'aa isuguliwe kidogo mgongoni kwa msasa laini ili gundi ipate pa kushika. Kitambaa hunywa gundi, na ikiwa ni nyepesi itatokeza upande wa pili na kuacha doa linalong'aa.

Ukimaliza upande mmoja wa jani, weka karatasi ya nta pande zote mbili, funga daftari na uliwekee vitabu vizito juu. Lakini karatasi ya nta isikae usiku kucha, kwa sababu inazuia gundi isigandishe kurasa na papo hapo inazuia unyevu usitoke. Baada ya nusu saa itoe, weka mahali pake karatasi kavu zinazonyonya maji, na uzibadilishe kila zinapopata unyevu. Usiharakishe kwa mashine ya kukaushia nywele. Joto hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na kukunjamana ulikokuwa unakukwepa ndiko kutakakotokea. Ikiwa asubuhi ukurasa bado unainamia mbele, bandika karatasi yenye ukubwa unaokaribiana na kipande chako upande wa nyuma wa jani hilo, nyuzi zikielekea upande uleule. Mivuto miwili inayopingana huulaza ukurasa, na ile karatasi ya nyuma inakuwa mwanzo wa kurasa za kitabu kinachofuata.

Hatua ya 6: Ingiza maneno

Sentensi uliyoichagua iandike kwa mkono wako, hata kama huupendi mwandiko wako. Kunakili neno kwa neno kunakulazimisha uone koma na mpangilio ambao jicho liliupita, na kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya usomaji hasa katika kazi hii. Kando yake andika jina la kitabu, mwandishi na ukurasa ilikotoka.

Kama unataka herufi za chapa zielee juu ya rangi, toa nakala ya leza iliyogeuzwa kama kwenye kioo, paka uso wake akriliki isiyo na rangi inayouzwa kwa jina la midiamu, ilaze kifudifudi ukurasani na uiache ikauke kabisa. Kisha lowanisha mgongo wake na usugue karatasi kwa kidole hadi itoke kwa vipepetu, herufi zikibaki. Sugua kwa awamu mbili, ukiacha pakauke katikati, maana ukungu mweupe wa karatasi iliyobaki huonekana pakikauka tu.

Hatua ya 7: Zuia kurasa zisigandane, kisha tengeneza faharasa

Akriliki ni aina ya plastiki, na kurasa mbili zilizopakwa akriliki zikikandamizwa hugandana hata baada ya kukauka. Sugua mshumaa mweupe juu ya sehemu zenye rangi na uzing'arishe kwa kitambaa kikavu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hauna mwenzake, kwa hiyo uweke faharasa. Mwaka 1686 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha kwa Kifaransa utaratibu wa kupanga madaftari ya nukuu kwa kutumia herufi ya kwanza ya mada pamoja na irabu ya kwanza inayoifuata. Kwa anayeandika Kiswahili utaratibu huo unafaa sana, kwa kuwa mada zetu nyingi huanza kwa U au M na zingerundikana mahali pamoja: "uhamisho" utauweka chini ya U-a, "upweke" chini ya U-e, "msiba" chini ya M-i, na "mapenzi" chini ya M-a. Andika mada, si jina la kitabu, pamoja na namba ya ukurasa, ukitumia penseli ili nafasi za herufi ziweze kupanuliwa kadiri daftari linavyojaa.