Ukihamia ubao mdogo, tazama lita

Ndugu zangu wa Goma mnaopiga kasia mkiwa mmesimama ubaoni, na mnatamani kuteleza juu ya mawimbi ya bahari: mkihamia ubao mdogo, msidanganywe na urefu. Tazameni lita, yaani ujazo wa ubao. Maji ya ziwa Kivu hayana chumvi ya bahari, hivyo lita 1 hubeba kilo 1 hivi, uzito wa ubao wenyewe ukiwemo. Mimi nina kilo 72. Nilitoka lita 140 hadi 110, si 85 kwa mkupuo mmoja. Jizoezeni upepo ukichafua ziwa: mguu mmoja nyuma kidogo, magoti laini, kasia lisikae hewani, maana ndilo mguu wenu wa tatu. Baharini chumvi itawainua kidogo zaidi. Na jile la kuelea majini vaeni, tafadhali, hata karibu na ufuo.