Jinsi ya kumfundisha mbwa wako kuigiza mbele ya kamera kama mastaa wa sinema

Kama uliiona Anatomy of a Fall, ile filamu ya Kifaransa ya 2023, basi lazima unamkumbuka Messi, yule mbwa wa aina ya border collie mwenye macho ya bluu, kuna sehemu kalegea kabisa, ulimi nje, macho yamegeuka, yaani unaweza kuapa mbwa kalishwa kitu kibaya. Hakulishwa kitu, anaigiza tu! Ni mazoezi na mkufunzi wake Laura Martin, na kazi hiyo ikampa Palm Dog kule kwenye tamasha la filamu la Cannes, tuzo ambayo imekuwa ikitolewa kwa mbwa wa kwenye filamu tangu 2001 na zawadi yenyewe ni kola ya ngozi, afu 2024 tukamuona hadi kwenye Oscar. Wa kwako si lazima afike huko, ila misingi ni ile ile na unaweza kuanza leo hapo hapo nyumbani.

Kwanza jua mbwa wako anafanya kazi kwa malipo gani. Uggie, yule mbwa mdogo wa filamu ya The Artist ya 2011, kila mtu alishangaa anavyomganda mwigizaji Jean Dujardin, kumbe jamaa alikuwa na soseji mfukoni. Wengine hawajali chakula, wanataka mpira. Kama ni nyama kata vipande vidogo kabisa, saizi ya ukucha wa kidole cha mwisho, maana utavitoa vingi na akishiba mazoezi yameisha.

Pili, chagua neno moja fupi la kumwambia "hapo umepatia", mfano "safi!", au tumia klika, kile kidude cha kubonyeza kinachotoa mlio, kama unayo. Anza kwa kulisema tu na kumpa kipande, safi kipande, safi kipande, mpaka ukilisema anageuka kukuangalia mkono. Sasa hapa wengi wanaharibu bila kujua, mbwa anakaa, wewe unahangaika kutafuta nyama mfukoni, yeye kashanyanyuka, ndo unampa, hapo umemfundisha kunyanyuka. Neno litoke sekunde ile ile aliyopatia, nyama inaweza kuchelewa kidogo, neno lisichelewe.

Zoezi la kwanza la kamera ni kusimama kwenye alama. Weka kimkeka kidogo chini, akikanyaga hata kwa mguu mmoja, safi na kipande, baadaye miguu miwili, baadaye yote, kisha uwe unasogea mbali kidogo kidogo. Likikaa sawa anza kupunguza mkeka kwa kuukata mpaka ubaki kipande ambacho hakionekani kwenye picha. Ukiwa na hilo tu tayari una mwigizaji, maana unajua atasimama wapi.

Sasa tuje kwenye kuzimia, hili ndo kila mtu analitaka. Mbwa awe amelala kifudifudi, shika kipande karibu na pua yake, kipeleke taratibu kuelekea begani, pua itakifuata na mwili utajibinua ubavu. Akishalala ubavu, safi, mpe pale pale chini ili asiwe na sababu ya kuamka. Usimsukume kwa mkono hata kidogo, ukimsukuma atakaza mwili na wewe unataka alegee. Likizoeleka subiri sekunde moja kabla ya neno, halafu mbili, halafu tano, baadaye unasubiri mpaka kichwa kiguse sakafu. Cha mwisho ni mkia, na mkia ni mtihani kwelikweli, mbwa "amekufa" lakini mkia unapiga sakafu kwa furaha, hapo punguza sauti yako, ongea kwa kunong'ona na mpe tu pale mkia unapotulia. Dakika tatu mpaka tano kwa awamu zinatosha, rudieni baadaye.

Kila ishara ifundishe kwa mkono pia, siyo mdomo tu. Carl Spitz, mkufunzi wa Terry, yule mbwa aliyeigiza kama Toto kwenye filamu ya The Wizard of Oz ya 1939, alikuwa anatumia ishara za mikono maana sauti ya mkufunzi ingeingia kwenye filamu. (Terry alikuwa analipwa dola 125 kwa wiki, kuliko waigizaji kibao wa filamu hiyo hiyo, na kwa kweli alistahili.) Kwako ishara za mkono zitakusaidia vidio isijae "kaa, kaa, nimesema kaa".

Siku ya kurekodi simu iwe chini usawa wa macho ya mbwa, mwanga wa dirishani, flashi zima. Mmoja ashike simu mwingine ashike malipo, ukifanya yote mawili peke yako utayumba. Kama kuna mdoli wa kumvutia chukua wa bluu au njano, rangi hizo mbwa anaziona vizuri kuliko nyekundu. Ukitaka aangalie lenzi toa sauti ya ajabu karibu nayo, mara moja, ukirudia sana anaizoea na haangalii tena.

Na usisahau kuwa vingine havifundishwi. Kabosu, yule mbwa wa aina ya shiba inu wa Japani aliyekuja kuwa sura ya Doge, ile picha ya utani iliyosambaa mtandaoni, alikuwa amekaa zake kwenye kochi tu mwaka 2010, kaangalia kwa pembeni, mwenye naye akapiga picha na dunia nzima ikampenda mpaka alipofariki 2024. Kwa hiyo mbwa wako akiwa na kituko chake cha asili, labda anainamisha kichwa akisikia jina lake, we sema safi kila akifanya, baada ya muda atakifanya ukimwomba.

Mtazame yeye kuliko unavyotazama skrini. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo hakuna chakula, akigeuza uso, weupe wa macho ukaonekana au mkia ukaingia katikati ya miguu, amechoka au ana wasiwasi, mwachie. Nguo na kofia ni hivyo hivyo, akiganda kama sanamu ukimvalisha basi hapendi, mvue. Na ukishapata klipu nzuri moja funga kazi hapo hapo hata kama unahisi ya pili ingekuwa kali zaidi, mpe mpira wake mtoke mkacheze, kuediti utafanya usiku.