Marekani na ICC: jinsi ya kuandaa mdahalo usioishia kwenye makelele

Mada iandikwe kwa sentensi ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikataa: "Marekani iridhie Mkataba wa Roma." Huo ndio mkataba ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Neno la kuangaliwa hapo ni "iridhie", yaani kuuthibitisha rasmi baada ya kuusaini. Marekani ilisaini mkataba huo tarehe 31 Desemba 2000, lakini Seneti haikuuridhia, na tarehe 6 Mei 2002 serikali ya Bush iliuandikia Umoja wa Mataifa kwamba haina nia ya kuwa mwanachama. Msemaji akisema "Marekani ilijitoa", mpinzani makini atambomoa papo hapo, maana haikuwahi kuingia. Nchi iliyojitoa kweli ni kama Burundi, Oktoba 2017.

Wiki moja kabla, kila msemaji apewe vifungu vya 12, 13, 15, 17 na 27 vya mkataba huo. Wawili kila upande wanatosha: dakika 5 za kuwasilisha, 2 za kujibu.

Kifungu cha 12 kisomwe kwa sauti siku ya mazoezi, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza. Wanadhani nchi isiyo mwanachama haiguswi. Kumbe mahakama inaweza kumshtaki raia wa nchi yoyote iwapo kosa limetendeka katika ardhi ya mwanachama. Afghanistan ni mwanachama tangu 2003. Ndiyo maana Machi 2020 majaji wa rufaa waliporuhusu uchunguzi huko, Wamarekani nao wakaingia humo, na Juni mwaka huohuo Trump akaidhinisha vikwazo dhidi ya maofisa wa mahakama.

Upande unaotetea msimamo wa Marekani huwa dhaifu kwa kung'ang'ania "uhuru wa taifa" tu. Wasaidieni, kwani hoja nzito wanazo. Mwendesha Mashtaka anaweza kuanzisha uchunguzi mwenyewe, akipata kibali cha majaji, bila kulisubiri Baraza la Usalama. Tena ICC haina jopo la raia wa kuamua hatia, haki ambayo Katiba ya Marekani inampa mshtakiwa wa jinai.

Wanaounga mkono mada watajibu kwa kifungu cha 17: nchi ikichunguza kwa dhati yenyewe, ICC inakaa pembeni, na mahakama Marekani inazo. Hapo mwenyekiti asiwaharakishe. Swali zito ni nani anaamua kwamba uchunguzi ulikuwa wa dhati, na jibu ni majaji wa ICC wenyewe. Upande utakaolishika swali hili vizuri ndio utakaosikilizwa.

Karata yao nyingine ni kumbukumbu za kura za Marekani katika Baraza la Usalama. Mwaka 2005 Marekani haikuzuia Darfur kupelekwa ICC, na 2011 iliunga mkono Libya ipelekwe. Mbona mahakama inafaa kwa wengine? Karibu na kwetu, wataje mikataba ya kutokabidhi Wamarekani kwa ICC: Uganda ilisaini, Kenya ilikataa na kunyimwa msaada wa kijeshi.

Mwenyekiti asahihishe mara moja makosa matatu: kuichanganya ICC na Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo nayo iko The Hague, kusema ICC inashtaki nchi, wakati inashtaki watu, na kuleta mauaji ya kabla ya 1 Julai 2002, ambayo haina mamlaka nayo.

Kura za siri zipigwe mara mbili, kabla na baada, kwenye karatasi za rangi tofauti. Mshindi ni upande ulioongeza kura nyingi zaidi.