Video ya kumfundisha mzee kutuma pesa kwa simu

Video moja, kazi moja. Kuangalia salio iwe na video yake, kutuma pesa yake, na kila moja isizidi dakika mbili. Ukichanganya kazi mbili, mzee atakumbuka nusu ya kila moja.

Kabla ya kurekodi, tazama simu anayotumia. Kama jajja (babu au bibi) ana katochi, yaani simu ndogo ya vitufe, usimwonyeshe simu ya kugusa; azima katochi inayofanana na yake.

Simu ya kurekodia iegemeze juu ya rundo la vitabu, nyuma ya bega lako, itazame chini. Hapo mzee ataona mikono yako kama anavyoiona yake. Ukirekodi kwa kumkabili, kulia kutakuwa kushoto. Mwanga utoke dirishani, ubavuni, kwa sababu taa ya juu hung'aa kwenye kioo na maandishi hayasomeki. Muziki usiweke kabisa: masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba, na muziki humeza kidogo kilichobaki. Sema taratibu, kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Luganda au Lugbara. Menyu ikiwa ya Kiingereza, mtajie kitufe cha kubonyeza.

Hapa Uganda, kwa MTN anapiga *165#, kwa Airtel *185#. Tamka alama moja moja huku kidole kikionekana.

Hapa ndipo wazee wengi hukwama: menyu hiyo haimsubiri mtu. Akikaa kidogo akitafuta miwani, inajifunga, naye anadhani ameharibu simu au pesa imepotea. Kwa hiyo, kwenye video, iache ijifunge makusudi, kisha eleza: PIN haijawekwa, basi pesa haijatoka, piga tena. Ikijifunga baada ya PIN, mambo ni tofauti. Asitume mara ya pili. Asubiri ujumbe, aangalie salio kwanza, maana anaweza kutuma mara mbili bila kujua.

Dawa ya haraka ni karatasi. Namba ya mpokeaji na kiasi viandikwe kwa tarakimu kubwa kabla ya kupiga. PIN isiandikwe hapo.

Jina la mpokeaji likitokea kabla ya PIN, simama sekunde tano nzima na ulisome kwa sauti. Hapo ndipo namba iliyokosewa hugunduliwa, na pesa ikishatoka kuirudisha ni kazi ngumu. Wakati wa PIN funika vitufe kwa kiganja, na useme wazi kwamba anayepiga simu kuomba PIN ni mwizi, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

Wakati wa kujifunza, video ichezwe kwenye simu ya mjukuu, mzee afanye kwenye yake. Aitazame yote mara moja bila kugusa kitu, ndipo aanze. Shilingi 1,000 kwa mtu aliyeketi naye zinatosha kwa zoezi. Mweleze kuwa ada hukatwa, asishtuke akiona salio. Usimpokonye simu anapochelewa. Mwelekeze kwa maneno, mikono yako ikae mbali.

WhatsApp hupunguza ubora wa video, hivyo rekodi kwa karibu na uijaribu kwenye simu yenye kioo kidogo kabla ya kuisambaza. Taja mwezi na mwaka mwanzoni, kwa kuwa kampuni hubadilisha menyu. Siku namba zikibadilika, rekodi upya na ufute ya zamani kwenye simu yake.